Galaksi nzima, na wote tumepita barabara moja

Sagittarius A*, lile shimo jeusi lililo katikati ya galaksi yetu, liko kwenye koodineti 25.21875, -20.90625, 25899.96875. Namba hizo nimezishika kuliko ninavyoishika namba yangu ya NIDA. Ni za ndani ya gemu ya Elite Dangerous, ambamo sifuri, mahali vipimo vyote vinapoanzia, ni Jua letu hili. Ukizitazama hizo desimali kwa jicho la mpima ardhi, kuna kitu kinajitokeza. Ile .21875 ni saba juu ya thelathini na mbili. Ile .90625 ni ishirini na tisa juu ya thelathini na mbili. Ya mwisho ni thelathini na moja juu ya thelathini na mbili. Yaani kila nyota kwenye gemu imekaa juu ya gridi, na hatua moja ya gridi ni sehemu moja ya thelathini na mbili ya mwaka wa nuru, yaani ya umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mzima. Wachezaji walilijua hilo hata kabla gemu haijaanza kuwapa koodineti, na namna walivyolijua ndiyo iliyonifanya nikanasa.

Mimi ni mpima ardhi. Niko Dodoma, na tangu Serikali ihamie huku kazi haijawahi kupungua: eneo ninaloliacha likiwa pori mwaka huu, mwakani lina bikoni kila kona. Jioni nikirudi navua buti, nakula, watoto wakilala nawasha mashine niliyoinunua used Kariakoo, na naendelea kupima. Mke wangu zamani alikuwa anauliza, "Baba Neema, huchoki?" Siku hizi anauliza tu kama luku itafika asubuhi.

Gemu niliipata bure, Novemba 2020, ile wiki Epic Games Store walipoigawa. Niliipakua kwa bando za usiku, kidogo kidogo. Wanaoitengeneza ni Frontier Developments wa Cambridge, Uingereza, na ilitoka Desemba 2014. Babu yake ni Elite ya mwaka 1984, ambayo David Braben na Ian Bell waliiandika kwa ajili ya kompyuta ya BBC Micro, ikiwa na galaksi nane za nyota 256 kila moja. Hii mpya ina galaksi moja, ila ni hii yetu, Njia Nyeupe, kwa ukubwa wake halisi: mifumo ya nyota bilioni 400. Laki moja na nusu na ushee zimetoka kwenye katalogi za kweli za anga. Zilizobaki zinazaliwa na programu wanayoiita Stellar Forge, kwa kanuni maalumu, hivyo wewe ukifika mahali leo na mimi nikifika mwaka kesho tutakuta sayari zilezile. Ukisema uzitembelee kwa kasi ya nyota moja kila sekunde, bila kulala, unahitaji zaidi ya miaka 12,000.

Mdogo wangu alipokuja likizo alikaa nyuma yangu akitazama.

"Kaka, hii gemu unashindaje?"

"Haishindwi."

"Mpinzani yuko wapi?"

"Hakuna."

"Sasa unafanya nini?"

"Natafuta nyota."

"Ukishaipata?"

"Naiandika."

Akanyamaza kidogo, akaomba nimwachie mashine acheze mpira.

Basi nirudi kwenye koodineti. Gemu ilipotoka ilikuwa na ramani nzuri ya galaksi, unaizungusha, unaikuza, unatafuta nyota kwa jina. Ila haikukwambia nyota iko wapi kwa namba. Kitu pekee ilichokupa ni umbali kutoka ulipo mpaka nyota uliyoichagua, kwa desimali mbili. Kwa mtu wa kawaida hiyo haitoshi. Kwa mtu aliyekaa darasa la upimaji hiyo ni zawadi. Ukijua umbali wako mpaka nukta moja inayojulikana, uko mahali fulani juu ya uso wa tufe. Nukta ya pili inakuweka kwenye duara ambapo matufe mawili yanakutana. Ya tatu inakubakiza na sehemu mbili tu. Ya nne inaamua. Basi watu wakaanza: unafika mfumo usiojulikana, unafungua ramani, unatafuta nyota za marejeo moja baada ya nyingine, unasoma umbali, unaandika pembeni, unaingiza kwenye tovuti, inakukokotolea. Na ile gridi ya 1/32 ndiyo iliyowaokoa, kwa sababu umbali wa desimali mbili una ukungu kidogo pembeni, lakini nukta halali ndani ya ukungu huo ni chache. Unatupa zisizolingana, inabaki moja. Zikibaki mbili, tovuti inakuomba umbali mmoja zaidi.

Kuna shida moja hapo ambayo kila aliyewahi kubeba prizimu, kile kioo cha kupimia, juani anaijua. Nyota za marejeo zikiwa zote upande mmoja, jibu lako linayumba. Wachezaji wengi wanaishi karibu na Jua, kwenye eneo linaloitwa Bubble. Ukiwa umesafiri miaka ya nuru elfu ishirini, Bubble yote inaonekana kama iko upande uleule, hata uchague nyota gani ndani yake. Pembe zinakuwa nyembamba mno, na kosa dogo la kukadiria desimali linakurusha mbali. Dawa ni ileile ya kazini: lazima uwe na marejeo pande zote, pamoja na ya karibu na ulipo. Kwa hiyo nyota iliyokuwa imepimwa vizuri jana inakuwa marejeo ya kupimia nyota ya leo, na mtandao unasogea mbele hivyo, kona kwa kona. Yaani watu ambao hawajawahi kuonana, wengi wao hata si wapimaji, walijenga mtandao wa marejeo kwa kusoma namba kwenye skrini na kuziandika kwa mkono. Tovuti iliyobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni EDSM, Elite Dangerous Star Map, na bado ipo.

Mwaka 2016 kazi hiyo ilikwisha ghafla. Toleo jipya lilianza kuandika shajara: faili la maandishi kwenye kompyuta yako, ambamo kila unaporuka kutoka nyota moja kwenda nyingine unaongezeka mstari wenye saa, jina la mfumo, koodineti tatu, umbali ulioruka, mafuta yaliyotumika na yaliyobaki. Kila sayari uliyoikagua nayo inapata mstari wake: uzito, joto, mvutano, hewa, umbali kutoka kwenye nyota yake. Kuna programu ndogo zilizoandikwa na wachezaji, kama EDMC na EDDiscovery, zinazosoma shajara hiyo wakati unacheza na kuituma. Nyingi hupitia EDDN, ambayo kazi yake ni kupokea taarifa za kila mtu na kuzirusha kwa yeyote anayesikiliza. EDSM inasikiliza, Spansh, tovuti nyingine ya wachezaji, inasikiliza, na mtu yeyote mwenye hamu na diski kubwa anaweza kusikiliza. Hakuna anayelipwa. Mimi nikiruka huku Dodoma, sekunde chache baadaye nyota yangu iko kwenye hifadhidata ya mtu nisiyemjua. Inakula bando kidogo kuliko video moja ya YouTube. Na umeme ukikatika, kilichokwisha kutumwa kimetumwa.

Lakini kuna jambo nililokuja kuliona baada ya muda. Ramani hiyo ukiichora yote, kila mfumo uliotumwa nukta moja, hupati picha ya galaksi. Unapata picha ya safari. Kuna bonge la mwanga kuzunguka Jua. Kuna mstari mnene kutoka hapo kwenda Sagittarius A*. Kuna mwingine kwenda Colonia, miaka ya nuru 22,000 kutoka nyumbani. Kuna uzi unaokwenda mpaka Beagle Point, upande wa pili kabisa, zaidi ya 65,000. Katikati ya mistari hiyo, giza. Pamoja na makumi ya mamilioni ya mifumo iliyoandikwa, hatujafikia hata asilimia 0.1 ya galaksi, na hicho kidogo tulichokifikia tumekifikia kwa kufuatana.

Nimeona kitu hichohicho kwenye ramani za kazini. Kando ya lami kila kitu kimepimwa mara tatu. Ukiingia ndani kilomita kumi, ramani inakuwa nyeupe, na anayeisoma ofisini anadhani huko hakuna watu.

Na njia yenyewe siyo tatizo pekee. Chombo chako kinakunywa mafuta kutoka kwenye nyota, kwa kupita karibu na uso wake. Lakini si kila nyota inanyweka. Zinazofaa ni za aina saba, na wachezaji wamezipanga zikawa kama jina la mtu: KGBFOAM. Nje ya herufi hizo hupati tone. Basi ramani ya gemu ina kichujio: unaiambia ipange safari kupitia nyota za mafuta tu. Karibu kila mgeni anafundishwa akiwashe kichujio hicho siku ya kwanza, na ni ushauri mzuri. Matokeo yake ni kwamba vibete vya kahawia, zile nyota baridi za L, T na Y ambazo hazina mafuta, vinarukwa. Wale wenye haraka nao wanafuata nyota za nutroni, kwa sababu ukipita kwenye mkia wake unaruka mara nne ya umbali wako wa kawaida. Na wanaowinda sayari zinazofanana na Dunia wanakwenda kwenye nyota zinazofanana na Jua. Kila mtu ana sababu yake nzuri ya kupita anapopita. Halafu mtu anachukua hifadhidata hiyo, anahesabu, anatangaza asilimia ya nyota za aina fulani kwenye galaksi. Hapana. Hiyo ni asilimia ya nyota tulizopenda kuzitembelea.

Hapo ndipo nilipoacha kusafiri nikaanza kupima.

Ni majina yaliyonisaidia. Mtu anapoona mara ya kwanza jina kama Eol Prou RS-T d3-94 anadhani kompyuta imepiga chafya. Kumbe ni anwani. Eol Prou ni sekta, mchemraba wa miaka ya nuru 1,280 kila upande. Herufi kubwa tatu na ile 3 zinakwambia kisanduku gani ndani ya sekta. Ile d ndogo ni ukubwa wa kisanduku: a ni miaka 10 kila upande, b ni 20, c ni 40, d ni 80, kila herufi ikizidisha mara mbili mpaka h, ambayo ni sekta nzima. Ukubwa huo unaendana na uzito wa nyota. Kwenye a na b utakuta vibete vyekundu na vya kahawia. Kwenye h, mashimo meusi na majitu. Na ile 94 ya mwisho ni namba ya mfumo ndani ya kisanduku, na kuhesabu kunaanzia sifuri.

Nenda taratibu hapo, maana ndipo utamu ulipo. Karibu na kitovu cha galaksi kuna kituo kinaitwa Explorer's Anchorage, kwenye mfumo wa Stuemeae FG-Y d7561. Kwa hiyo ndani ya mchemraba mmoja wa miaka 80 kuna mifumo isiyopungua 7,562, ya daraja la d peke yake, bila kuhesabu ndogo zilizojibana kwenye visanduku vya c, b na a mahali hapohapo. Colonia yenyewe kwa jina lake la zamani, ile Eol Prou RS-T d3-94, inakwambia kisanduku kile kina angalau 95. Ukienda ukingoni, huko galaksi inapokwisha, namba zinashuka mpaka unahesabu kwa vidole. Msongamano wa galaksi umeandikwa kwenye majina, na huhitaji hata kuruka kuusoma.

Ninachofanya ni hiki. Nimechagua kisanduku kimoja, mbali na mistari yote, upande ambao hakuna mtu ana sababu ya kupita. Sekta siitaji, mtanisamehe, nataka nimalize kwanza. Ninafungua ramani ya galaksi, naandika jina la kisanduku na kumalizia 0. Ramani inaruka yenyewe mpaka kwenye nyota hiyo. Narudi, nafuta 0, naandika 1. Halafu 2. Naendelea mpaka ramani igome kwamba jina hilo halipo. Hapo najua kisanduku kina nyota ngapi, na nina orodha kamili ambayo haikuchaguliwa na mapenzi ya mtu. Kisha nakwenda kwenye kila moja. Kila moja, hata kama haina mafuta, hata kama iko peke yake bila sayari hata moja.

Nikifika napiga honi. Ndivyo wachezaji wanavyoiita na mlio wenyewe ni honi kabisa, ya meli inayotoka bandarini: unashikilia kitufe, inajaza, inalia, na mfumo unakujibu una magimba mangapi. Baada ya hapo nasimamisha chombo nafungua skana. Skrini inageuka bluu, chini kuna mstari mrefu kama wa redio, na juu yake vilima vidogo, kila kilima gimba moja. Kushoto yamejaa mawe na barafu, kulia majitu ya gesi. Nasogeza sindano mpaka ikae juu ya kilima, nageuza chombo kutafuta mahali mawimbi yanapokusanyika, nakuza, na sayari inajifungua. Kila aina ina sauti yake. Barafu inalia kwa namna yake, gesi inavuma. Dunia yenye maji na hewa inasikika kabla hujaiona, na wale waliozoea wanajua kabla picha haijatulia. Mimi nikiwa kwenye visanduku vya b sauti hiyo siisikii. Nasikia barafu, barafu, mawe, barafu.

Ninatumia Diamondback Explorer kwa sababu ni chombo cha bei ya chini kinachofika mbali na hakichemki haraka karibu na nyota. Watu watakuambia Anaconda inaruka mbali zaidi. Ni kweli. Lakini kwa kuruka miaka mitano, sita ya nuru ndani ya kisanduku hicho, huhitaji ndege ya rais. Ninachohitaji ni kujua nyota ya mafuta iliyo karibu iko wapi kabla sijaingia kwenye msitu wa vibete, na nyingine ya akiba.

Wanaoishiwa mafuta wana pa kukimbilia, na hili ni moja ya mambo ninayoyapenda zaidi kwenye gemu hii. Kuna wachezaji wanajiita Fuel Rats, panya wa mafuta, wapo tangu 2015. Ukikwama unawaita, wanakupangia mtu, anaruka mpaka ulipo, anakupa mafuta, anaondoka. Hawatozi. Kama oksijeni yako ya dharura inahesabu sekunde, kitu cha kwanza wanachokuambia ni utoke mpaka kwenye menyu kuu, saa isimame wakati wao wako njiani. Na hawawezi kukufikia kama mahali ulipo hapana jina wala namba. Kazi yao nzima imekalia ramani.

Nilisema hakuna anayelipwa. Ndani ya gemu unalipwa, ila kwa utaratibu wake. Takwimu zako unaziuza kwa Universal Cartographics ukifika kituoni, na mfumo ambao hakuna aliyewahi kuuuza unaandikwa jina lako: umegunduliwa kwanza na fulani. Ukilipuka kabla ya kuuza, yote yanapotea. Na jina linakwenda kwa aliyeuza kwanza, hata kama mwenzake alifika wiki mbili kabla akakaa huko porini akiendelea kuzurura. Hili halinishangazi hata kidogo. Nimeshaona mzee aliyefyeka pori kwa jembe lake akisimama mbele ya kijana aliyewahi masijala.

EDSM nayo ina kumbukumbu yake ya nani alituma kwanza, na mara nyingine haifanani na ya gemu. Sioni tatizo. Jina kwenye gemu ni pambo, na ninayo ya kutosha, nyota ambazo hakuna atakayezifikia tena mpaka seva zizimwe. Mstari kwenye hifadhidata ndio unaotumika.

Kuna waliofanya kwa sherehe zaidi yangu. Colonia yenyewe ilipatikana hivyo: mwaka 2016 kituo kizima cha Jaques, kinachoendeshwa na muuza baa ambaye nusu ni mashine, kilitangaza kinaruka kwenda Beagle Point, kikapotea njiani. Ni hadithi ya watengenezaji, ndiyo, lakini hawakusema kiko wapi. Wachezaji wakakitafuta, wakakikuta, na mji ukaota pale. Halafu kuna Distant Worlds II iliyoanza Januari 2019, msafara wa watu waliojiandikisha zaidi ya 13,000, uliovuka galaksi yote mpaka Beagle Point kwa miezi kadhaa. Njiani walichimba madini yaliyojenga ile Explorer's Anchorage niliyoitaja. Nawaheshimu. Ila msafara unapita barabarani, na nikiangalia ramani ya kabla na baada naona mstari ule umenenepa.

Usidhani hili ni suala la gemu peke yake. Setilaiti ya Gaia ya shirika la anga la Ulaya ilirushwa Desemba 2013, ikapima nyota karibu bilioni mbili mpaka ilipoacha kazi mwanzoni mwa 2025. Njia yake ni ya kipima ardhi kabisa: tazama nyota leo, itazame tena Dunia ikiwa upande wa pili wa Jua, pima pembe iliyobadilika. Lakini inaona vinavyong'aa. Vibete vya kahawia having'ai vya kutosha. Luhman 16, vibete viwili vya kahawia vinavyozungukana, viko miaka ya nuru 6.5 tu kutoka hapa, majirani wa tatu kwa ukaribu baada ya Alpha Centauri na nyota ya Barnard, na vimetangazwa mwaka 2013, kutokana na picha za darubini ya WISE inayoona joto. Nyota ya Barnard ilijulikana ni jirani tangu 1916. Karibu miaka mia moja jirani amekaa hapo hapo ukutani na hakuna aliyempigia hodi, kwa sababu kila mtu alikuwa anatazama taa.

Kinyume chake kimetokea pia, na kinachekesha. Februari 2017 walipotangaza sayari saba za TRAPPIST-1, miaka ya nuru kama 40 kutoka kwetu, wachezaji walikwenda kutazama kwenye gemu na kukuta Stellar Forge ilishaweka hapohapo karibu nyota ndogo baridi yenye sayari kadhaa za mawe. Kanuni ilikuwa imegawanya uzito uliokuwepo eneo lile, ikapata kitu kinachofanana. Baadaye watengenezaji walirekebisha na kuupa mfumo huo jina lake la kweli.

Kilimia nacho kipo, kwa wanaouliza. Maia, Merope na ndugu zao, zilezile ambazo wazee walizitazama kujua mvua: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwenye gemu ni mahali pa hatari. Ni huko, kwenye mwezi unaozunguka sayari moja ya Merope, Januari 2016, ambapo mchezaji alikuta kitu cha kwanza kilichootea ardhini ambacho hakikutengenezwa na binadamu. Nilimwonyesha baba yangu kwenye skrini alipokuja kutibiwa. Akaniuliza kama kwenye hiyo kompyuta kinazama mwezi gani. Nikamwambia, "Baba, huku hakizami, ukitaka unakifuata." Akasema basi hakina kazi.

Kisanduku changu bado. Ramani iligoma kwenye namba kubwa kuliko nilivyotarajia kwa eneo la pembeni vile, na mpaka sasa zilizo nyingi kupita zote ni za aina ambayo kichujio cha mafuta kingenificha. Sitatoa asilimia kwa kisanduku kimoja. Nikimaliza hicho nina kingine cha ukubwa uleule upande wa pili wa galaksi, chini ya bapa lake, nilichokichagua kwa kumwambia Neema ataje herufi tatu.

Nina ombi kwa wale mliowahi kucheza kwenye kompyuta mkaacha. Shajara zenu bado zipo kama hamjafuta: fungua Saved Games, halafu Frontier Developments, halafu Elite Dangerous. Ni mafaili madogo ya maandishi, majina yao yanaanza na Journal. EDDiscovery inayasoma hata yakiwa ya miaka mingi iliyopita na kuyatuma EDSM kwa pamoja. Kama kuna siku ulipotea njia ukaishia mahali pa ajabu pasipo na kitu, hapo ndipo ninapopataka zaidi.